Mtoto katoka kupasuliwa koo, nani azime sigara?

Kutoka Moshi hadi Same ni zaidi ya kilomita 100 za lami, na kwa familia za Mamba, Vudee au Chome bado kuna mlima wa kupanda. Mtoto aliyeondolewa tonsi, au mafindofindo kama wengi wanavyoziita, hufika nyumbani amechoka, ana njaa na kumeza ni shida. Nje kuna ukungu na baridi. Basi hufanyika jambo ambalo bibi yeyote wa Upareni angelifanya kwa mapenzi mema: mtoto anaketishwa jikoni, karibu na mafiga, apate joto. Baba naye, aliyekuwa roho juu tangu asubuhi, anawasha sigara mlangoni.

Hapo mtoto amewekwa katikati ya moshi wa aina mbili, na koo lake ni kidonda kisichofungwa bandeji.

Tonsi zikiondolewa, huacha majeraha mawili wazi, moja kila upande wa koo. Baada ya siku moja hivi majeraha hayo hufunikwa na utando mweupe au wa manjano, na mdomo hunuka. Wazazi wengi hudhani ni usaha. Si usaha, ndiyo bandeji ambayo mwili umejitengenezea. Utando huo hubanduka wenyewe kati ya siku ya 5 na ya 10, na hapo ndipo kuna hatari ya damu kutoka upya, wakati familia imeshaanza kusema mtoto kapona. Maumivu nayo huwa makali zaidi siku hizo za katikati, mara nyingi yakipanda hadi masikioni. Masikio yenyewe hayana ugonjwa, ila mshipa wa fahamu ni ule ule.

Moshi wa sigara ni mkavu na una joto. Hukausha utando, huwasha koo na kuleta kikohozi, na kila kikohozi hulivuta lile jeraha. Lakini madhara makubwa hayaonekani kwa macho. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kidonda kinachohitaji damu nyingi yenye oksijeni ili kizibe kinapata kidogo. Kwa anayevuta mwenyewe athari ni kubwa zaidi, ila mtoto anayevuta hewa ya chumba alimovutia mtu mwingine naye hupata sehemu yake.

Moshi wa kuni nao una kaboni monoksaidi. Kwa hiyo kumfokea baba wa sigara huku mtoto akiendelea kukaa kando ya mafiga ni kufanya nusu ya kazi. Mtoto alale chumba kisicho na moshi, afunikwe blanketi la pili, avalishwe soksi na sweta. Joto la kitandani linatosha.

Kwa kijana ni habari nyingine. Vijana na watu wazima hupasuliwa tonsi pia, na wapo wanaovuta bila wazazi kujua. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, lakini sigara zinauzwa moja moja na si kila muuzaji anauliza umri. Mama anayemsindikiza mwanawe hospitali asishangae daktari wa usingizi akimwomba atoke nje kidogo. Swali la sigara huulizwa kwa sababu ya usalama. Mvutaji hutoa makohozi mengi na njia yake ya hewa hushtuka upesi akiwa kwenye nusu kaputi, na daktari anayejua hivyo hujiandaa. Kijana akificha kwa kumwogopa mama, hatari ni yake.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba anayeacha sigara wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza sana uwezekano wa matatizo wakati wa upasuaji na baada yake. Mwenye tarehe ya kupasuliwa mwezi ujao basi anayo nafasi. Aliyechelewa naye asikate tamaa, kwani kaboni monoksaidi hupungua sana katika damu ndani ya siku moja au mbili tu.

Baada ya upasuaji, wiki mbili bila sigara ndiyo kiwango cha chini. Siku 3 za kwanza ndizo ngumu: hasira, kukosa usingizi, kichwa kuuma. Hamu huja kwa vipindi vya dakika chache, kisha hupita. Kinachosaidia ni maji baridi kwa mafunda madogo, usingizi, na kukaa mbali na kijiwe. Ugoro wa babu si dawa mbadala. Una nikotini ile ile, na chafya zake ni mbaya kwa koo bichi. Mirungi, ambayo tena ni haramu kisheria, inakausha mdomo na mara nyingi huenda pamoja na sigara.

Si kwamba kukataa tumbaku ni jambo geni milimani. Waadventista walifika Upareni mwaka 1903, wakaanzia Giti, na nyumba nyingi zimekua bila sigara kwa vizazi kadhaa. Inawezekana, na majirani ni ushahidi.

Chakula nacho kina mitego yake ya Kipare. Makande yasubiri, maana maganda ya mahindi hukwaruza. Chai ya tangawizi, fahari ya Mamba Miamba, huunguza kidonda. Uji uliopoa, mtori, mtindi na ndizi laini vinafaa. Mtoto asiyekunywa hukauka koo na maumivu huongezeka, kwa hiyo apewe dawa ya maumivu kwa saa alizopangiwa, asisubiriwe alie kwanza. Aspirini isitumike, kwa kuwa huzuia damu kuganda.

Kuna kosa jingine la kutaja hapa. Kikohozi kikiendelea, bibi au jirani atasema ni kimeo na kupendekeza kikakatwe kwa fundi wa kienyeji. Kukata kimeo kwa kifaa kisichosafishwa kumeleta damu isiyokatika, maambukizi na hata pepopunda. Kwenye koo lenye jeraha la hospitali ni hatari juu ya hatari. Kwanza ondoa moshi ndani ya nyumba, kisha rudi kwa daktari.

Dalili ya damu kwa mtoto haiwi kila mara mate mekundu. Usiku anaweza kuwa anameza, anameza tena, bila kuamka. Asubuhi anatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Hiyo ni damu iliyoshuka tumboni. Aketishwe akiwa ameinama mbele, asilazwe chali, ateme badala ya kumeza, na safari ianze saa hiyo hiyo. Damu ikisimama njiani, safari iendelee.

Kwa wakazi wa mlimani swali ni usafiri. Wakati wa mvua barabara ya Mbaga na Mamba huteleza, na usiku gari halipatikani kwa kupunga mkono. Namba ya mwenye gari itafutwe siku ya kwanza, na bei ya usiku ijulikane mapema. Kituo cha kwanza kinaweza kuwa Hospitali ya Wilaya mjini Same, au Hospitali ya Kilutheri ya Gonja kwa walio upande huo, halafu KCMC Moshi, ambako kuna idara ya masikio, pua na koo. Karatasi ya ruhusa kutoka hospitali ikae pamoja na simu, na aliyebaki nyumbani ajue ilipo.