Mali Bila Daftari: Ubingwa wa Pwani wa 1965

Kuna swali la mtoto liwezalo kumwumbua mtu mzima mbele za watu. Mpwa wangu aliniuliza swali la namna hiyo tukiwa ndani ya matatu, twarudi Malindi kutoka uwanja wa Mbaraki, Mombasa, tulikokwenda kuitazama Bandari.

"Mjomba," aliniambia, "timu ya Pwani imewahi kuwa bingwa wa Kenya?"

Abiria wawili wakacheka. Mmoja akadakia, "Tangu lini?"

Nikajibu kwa sauti ili wasikie wote: "Mwaka 1965. Feisal ya Mombasa." Kicheko kikakatika. Kisha mtoto akauliza tena: "Walicheza kina nani?" Hapo ulimi wangu ukanata.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule tulipopata uhuru. Nakuru All Stars walikuwa wa kwanza kutwaa ubingwa, wakafuatwa na Luo Union mwaka 1964. Mwaka 1965 zamu ikawa ya Feisal, vijana wa Mombasa. Tangu hapo hadi kumalizika msimu wa mwaka 2025, hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyolishika taji hilo. Ni miaka 60 kamili.

Si kwamba tumelala. Bandari, ambayo mizizi yake ni timu za wafanyakazi wa gatini, ilitwaa kombe la taifa mwaka 2015 na mwaka 2019. Katika ligi ilikuwa ya pili mwaka 2018, ikawa ya pili tena msimu wa 2018/19. Ikaingia mashindano ya Afrika, ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, mpaka ilipokomeshwa na Horoya ya Guinea. Lakini mechi zake za nyumbani ilizichezea Kasarani, Nairobi, kwani Mombasa hakukuwa na uwanja uliokubaliwa. Mwenyeji akawa mgeni.

Habari za 1965 nilizipata kwa mjomba wangu, aliyezishuhudia kwa macho yake. Siku zile kwenda kutazama kandanda Mombasa kulikuwa safari hasa. Alikuwa akiswali alfajiri, kisha apande basi. Kilifi abiria huteremka, wakavuka kwa feri hadi Mnarani, huku wachuuzi wakiwatembezea korosho. Halafu daraja la Mtwapa, kisha Nyali, penye daraja lililoelea juu ya maji. Wakishaswali alasiri mjini, ndipo waingie uwanjani. Waliobaki Malindi walikusanyika barazani kuizunguka redio. Kizazi chetu kilikuja kuijua sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown aliyefariki mwaka 2025, akitangaza mpira hata asiyeuona akadhani anauona.

Mwaka 1984, nikiwa na miaka 13, mjomba alinichukua. Daraja jipya la Nyali lilikuwa limefunguliwa mwaka 1980, lakini Kilifi tulivuka kwa feri bado, maana daraja la pale lilikuja mwaka 1991. Foleni ilitukalisha hata kipindi cha kwanza kikatupita. Mimi nilinuna. Mjomba hakujali. Alinikalisha ubavuni pake akanisimulia Feisal: nani alikuwa na chenga, nani alikuwa na mkwaju wa kumtia kipa hofu. Niliitikia tu, macho yangu yako kwenye gozi. Nilidhani hadithi ile ni kisima kisichokauka.

Chuoni mwalimu wetu alitufunza kuwa habari isiyo na sanad haina uzito. Ukisema neno, sema umelipokea kwa nani, naye alilipokea kwa nani. Kwa hiyo baada ya swali la yule mtoto nilikwenda kwa mjomba na daftari mkononi. Alikuwa kitandani, mgonjwa, lakini nilipoitaja Feisal uso ulimkunjuka. Akaanza na mlinda lango, akaja mabeki, akapanda mbele. Akafika jina la tisa, akasita. Akautazama ukuta kitambo.

"Wawili wamenitoka, mwanangu," akasema. "Njoo kesho, watakuwa wamerudi."

Nilikwenda kesho yake, na keshokutwa. Hawakurudi. Mwezi uliofuata tulimzika. Mola amrehemu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Majina yale tisa ninayo, na sitayachapisha mpaka mashahidi wengine wawili wayathibitishe, kwani ndivyo nilivyofunzwa. Lakini mashahidi wanapungua. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ile alitimiza 80 mwaka 2025. Twajisifu kwa tenzi zilizohifadhiwa karne kwa karne, lakini ushindi wa juzi tumeuacha midomoni mwa wazee.

Basi msomaji, ikiwa kwenu yuko babu aliyekuwa uwanjani mwaka ule, au iko picha kuukuu sandukuni, usingoje. Nenda na kalamu leo.

Majuzi tulirudi Mbaraki. Kabla ya kipenga kulia, nilimwona mpwa wangu ameinamia daftari lake la shule, akiandika majina ya wachezaji wa Bandari. Nilisubiri nikayahesabu. Yalikuwa kumi na moja.