Mabinti wa Tabora na Kisu cha Upasuaji

Mgonjwa wa Tabora anayehitaji upasuaji uliozidi uwezo wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, hupewa barua na kufunga safari. Kuna anayepelekwa Bugando jijini Mwanza, kuna anayekwenda Benjamin Mkapa, Dodoma, na mwingine hafiki mwisho mpaka Muhimbili, Dar es Salaam. Njia hiyo ya kwenda pwani inakaribiana na ile ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Ujiji, ikapumzika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na kuishia Bagamoyo. Reli ya kati iliifuata, ikafika Tabora mwaka 1912. Zamani zilishuka pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Leo wanashuka wagonjwa, na pamoja nao vijana waliokwenda kusomea udaktari, ambao wengi hubaki huko huko.

Takwimu zinaonyesha hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA) ulihesabu mabingwa 1,690 tu wa upasuaji. Asilimia 64 kati yao walifanya kazi katika jiji kuu la kibiashara la nchi yao. Wanawake walikuwa asilimia 9.

Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3.3 katika sensa ya 2022. Kwa hesabu hizo za mabingwa, msichana anayefaulu biolojia katika Shule ya Sekondari ya Wasichana Tabora anaweza kumaliza masomo yake bila kumwona hata mara moja mwanamke akitoka chumba cha upasuaji akiwa ndiye aliyeongoza kazi. Atawaona wauguzi na wakunga, tena wengi na hodari, na huenda akaamini kwamba kisu si cha wanawake.

Kinachofanya jambo hili kuwa zito ni namna upasuaji unavyofundishwa. Vitabu vinasaidia, lakini mkono hujifunza kwa mkono. Daktari kijana huanza kwa kushikilia kidonda kibaki wazi ili mkubwa wake aone, kisha anaruhusiwa kushona ngozi, halafu anafanya hatua moja ya ndani huku bingwa amesimama upande wa pili wa meza. Siku moja bingwa anamwachia kazi nzima. Hakuna ratiba inayomlazimisha bingwa kumwachia; anaamua mwenyewe nani amekomaa. Misafara ya Wanyamwezi, ambayo wanawake nao walisafiri ndani yake, ilikuwa na kirangozi, aliyeijua njia na kutangulia. Daktari asiye na kirangozi wake chumbani humo anaweza kukaa miaka akishikilia vyombo.

Dkt. Claire Karekezi wa Rwanda anajua thamani ya kupata mtu kama huyo. Mwaka 2007, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikwenda Linköping, Sweden, kwa mafunzo mafupi, akaangukia idara ya upasuaji wa ubongo. Huko Profesa Jan Hillman alimkaribisha mezani na kumfundisha. Karekezi alisomea fani hiyo Rabat, Morocco, akaongeza ujuzi Toronto, na mwaka 2018 akarudi Kigali akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Mwaka huo huo Uganda nayo ilimpata wa kwanza wake, Dkt. Juliet Sekabunga Nalwanga. Hillman ni mwanamume, na hilo ni la kukumbukwa: malezi haya hayawangoji wanawake peke yao.

Hata hivyo, mwanamke aliyetangulia ana uzito wake. Katika upasuaji wa watoto Muhimbili, Dkt. Petronilla Ngiloi na Dkt. Zaitun Bokhary ni majina yanayofahamika, na binti anayepita wodi ile hahitaji kuhubiriwa kwamba inawezekana. COSECSA, yenye makao Arusha, ilianzishwa mwaka 1999. Mwaka 2015 ikaundwa ndani yake jumuiya ya wanawake wapasuaji wa Afrika, WiSA, na baadaye Mganda Dkt. Jane Fualal akawa rais wa kwanza mwanamke wa chuo hicho.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni umri. Ubingwa huanza baada ya miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha kupitia COSECSA ni mitano mingine, yenye zamu za usiku. Ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Sheria ya kazi ya Tanzania inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, lakini kurudi kazini na kukuta nafasi yako mezani bado ipo kunategemea mkubwa wako.

Uzuri wa COSECSA ni kwamba haina jengo la chuo: mwanafunzi hujifunza katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa wa hapo hapo. Kwa hiyo ubingwa si lazima usomewe pwani. Bingwa unayesoma haya ukiwa Kitete, au Nkinga kule Igunga, mwite daktari kijana wa kike aliye karibu nawe, msimamishe upande wa pili wa meza, na akikomaa mwachie kazi. Na walimu wa Wasichana Tabora, waalikeni wapasuaji wanawake shuleni kwenu, waje wazungumze na wanafunzi wa sayansi kabla hawajachagua fani.