Unameza Dawa ya Bipola? Soma Hii Kabla Ununue Brufen Kwa Kemisti

Kuna msee wa mtaa wetu alicheza boli Jumapili moja, akakanyagwa mguu, kifundo kikafura kama andazi. Jioni akapitia kemisti ya stage, akadungwa sindano ya diclofenac na akapewa Brufen za siku tano. Kufikia Alhamisi mikono ilikuwa inatetemeka hadi chai inamwagika kwa kikombe. Anaongea akivuta maneno, anatembea akishika ukuta. Ploti nzima ikaamua: jamaa amerudia keg. Hata keateka akamwambia apunguze.

Jamaa hakuwa ameonja hata tone. Alikuwa kwa lithiamu, dawa ya bipola, na hakuna mtu alikuwa amemshow kwamba hiyo dawa na Brufen haziivani. Bahati yake ni sista yake alikuja kumcheki, akaona pakiti ya dawa, akaita teksi wakaenda kasualti. Alilazwa, akawekewa maji ya mshipa, akatoka akiwa fiti. Lakini si kila mtu ana sista wa kutokea Alhamisi.

Mimi si daktari. Koleji yenyewe niliacha mwaka wa pili, na sikuwa nasomea udaktari. Lakini baada ya hiyo stori nilisoma hii maneno na nikauliza wenye wanajua. Kama unameza hii dawa, ama mathe, bro ama beshte wako anaimeza, kaa hapa dakika tano.

Hii lithiamu ni nini kwani?

Ni aina ya chumvi inayotoka ardhini. Ndiyo, ina undugu na ile iko kwa betri ya simu yako, lakini hapana, humezi betri. Mwaka wa 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika vile ilituliza wagonjwa wake waliokuwa wamepandwa na wazimu wa furaha iliyopitiliza. Hadi leo ni kati ya dawa zinazotegemewa sana kwa bipola. Inazuia mudi isipande hadi mtu hajalala siku tatu na anauza vitu za nyumba, na inazuia isishuke hadi mtu haoni haja ya kuishi. Ni kati ya dawa chache zenye ushahidi kwamba zinapunguza watu kujiua.

Sasa skia hii. Mwaka huo huo wa 1949, kule Marekani, wagonjwa wa moyo walioambiwa wapunguze chumvi walikuwa wanauziwa lithiamu waweke kwa chakula mahali pa chumvi. Hakuna kupima, unanyunyiza tu. Wengine wakakufa, serikali ikapiga marufuku. Kitu ni ile ile inayookoa watu leo. Tofauti ni kipimo.

Kipimo ndio kila kitu

Kwa watu wengi, lithiamu kwa damu inafaa kuwa kati ya 0.6 na 1.0. Ikipita 1.5 hapo umeingia kwa sumu, na kuna watu huanza kuumia hata kabla ifike hapo. Hiyo nafasi ni ndogo, kama mat mbili zikipishana kwa kichochoro cha mtaa. Ndio maana lazima utolewe damu:

- Karibu wiki moja baada ya kuanza dawa, na kila wakati dozi ikibadilishwa.
- Kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza. Baadaye daktari anaweza kusema kila miezi sita.
- Damu hutolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, fika maabara saa tatu asubuhi. Kama huwa una dozi ya asubuhi, imeze baada ya kutolewa damu.
- Figo na tezi ya shingo pia zipimwe kila miezi sita, juu hii dawa inaweza kuzisumbua polepole.

Kama umemeza mwaka mzima na hakuna mtu amewahi kukutoa damu, uliza. Sio kusumbua daktari, ni haki yako.

Vitu za kawaida zinazoweza kukuletea noma

Lithiamu hutoka mwilini kupitia figo, na figo huiona kama chumvi tu. Mwili ukikosa maji ama chumvi, figo zinashikilia kila kitu kinachofanana na chumvi, na lithiamu inabaki ndani pia. Hujaongeza hata kidonge kimoja, lakini kwa damu imepanda. Kwa hivyo chunga hizi:

Dawa za maumivu. Brufen, diclofenac na ndugu zao hufanya figo zishikilie lithiamu. Kichwa ama mgongo ukiuma, omba Panadol ya kawaida.

Dawa za presha. Losartan, enalapril na zile za kukojoza zinaweza kuipandisha. Daktari wa presha lazima ajue uko kwa lithiamu, na daktari wa lithiamu ajue uko kwa presha.

Kuendesha na kutapika. Ulikula kitu mbaya na sasa tumbo inakimbia? Piga simu kliniki siku hiyo hiyo, usingoje ipite. Mara nyingi watakuambia usimamishe dawa kidogo hadi utulie.

Jasho na kukosa maji. Mechi ya saa saba mchana, kazi ya mjengo, joto la Mombasa. Kunywa maji kila wakati. Na pombe inakukausha zaidi.

Chumvi. Usiikate ghafla juu umeona daieti mpya TikTok. Kula kiasi ile ile ya kila siku.

Kufunga. Iwe ni Ramadhani ama maombi ya siku kadhaa, bonga na daktari kabla uanze, si katikati.

Na ukisahau dozi, usimeze mbili pamoja ndio ufidie. Subiri ile inayofuata.

Dalili za kukutoa kwa nyumba

Mikono kutetemeka kidogo, kiu, na kukojoa mara mingi ni vitu huwapata wengi. Mwambie daktari ukienda kliniki. Lakini mtetemeko ukikuwa mkubwa, unatapika ama kuendesha, unayumba, maneno hayatoki vizuri, unasinzia ovyo ama umechanganyikiwa, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali hapo hapo na ubebe pakiti. Tarehe ya kliniki isikungojeshe.

“Si nimeshapona?”

Hapa ndio wengi huanguka. Umekaa miezi sita uko poa, kazi inaenda, usingizi uko, halafu unaona dawa ni za nini. Manze, uko poa juu ya hizo dawa. Ukiziacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi haraka na kwa nguvu. Kama zinakusumbua, daktari anaweza kuzipunguza pole pole ama akubadilishie. Na ukiombewa kanisani, ombewa kabisa, lakini rudi nyumbani umeze dawa.

Kama yako si lithiamu

Epilim inaweza kuumiza mtoto tumboni vibaya, kwa hivyo sista, kama unaweza kushika mimba, bonga na daktari mapema. Tegretol hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ile ya kuwekwa kwa mkono. Lamictal ikikutoa vipele, muone daktari siku hiyo hiyo. Lakini usiache yoyote ghafla bila kuambiwa.

Leo kabla ulale

Andika jina la dawa na dozi yako kwa simu. Onyesha mtu mmoja unayemwamini zile dalili hapo juu. Na kila ukiingia kemisti, hata ya kununua dawa ya homa, sema hivi: “Natumia lithiamu. Hii unanipea inaenda nayo?” Hauna haja ya kueleza stori yako yote.

Siku ukilemewa, ama fikra za kujiumiza zikikuja, piga 1199, laini ya bure ya Kenya Red Cross. Kama mambo ni mbaya hapo hapo, nenda kasualti, na usiende peke yako.

Na wewe jirani mwenye hauna bipola: siku ukiona mtu wa ploti anatetemeka na kushika ukuta, uliza kwanza anatumia dawa gani. Keg mtaiongelea baadaye.