Linda Kidole Gumba Uwanjani



Hapa Dodoma, mavuno yakiisha vijana huenda uwanjani. Wasichana hucheza mpira wa pete. Wavulana hucheza mpira wa miguu. Wengine hucheza mpira wa wavu. Michezo ni afya. Lakini golikipa na wote wanaodaka mpira huweza kuumia kidole gumba.

Wengi husema, "Ni kidole tu." Sivyo. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kisha jaribu kushika jembe. Jaribu kukamua ng'ombe. Jaribu kufunga kifungo cha shati. Utaona taabu yake. Hata ilimba, ala ya Wagogo, hupigwa hasa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alijulikana nchi nyingi kwa ala hiyo.

Kidole kilichoumia mwezi wa Juni kikadharauliwa, huweza kukunyima jembe mvua zinapoanza Desemba.

KINAUMIAJE?

Mifupa ya kidole gumba hushikwa pamoja na kamba ngumu ziitwazo kano. Mpira ukigonga ncha ya kidole, au ukiangukia kiganja, kidole gumba husukumwa mbali na vidole vingine. Kano huvutika, huchanika, au hukatika kabisa.

JIKINGE

Ondoeni mawe, visiki na miiba uwanjani. Vua pete na bangili. Kunja na kunjua vidole kabla ya kucheza. Msijaze mpira upepo kupita kiasi.

Unapodaka, tanua vidole. Vidole gumba viwili vikaribiane nyuma ya mpira. Usielekeze ncha za vidole kwenye mpira unaokuja.

UKIUMIA

1. Acha kucheza mara moja. Kama una pete, ivue kabla mkono haujavimba.

2. Lowesha kitambaa safi kwa maji baridi ya mtungi. Weka juu ya kidole kwa dakika 15 hadi 20. Inua mkono usawa wa kifua au juu zaidi.

3. Chana kipande kirefu cha kanga safi, upana wa vidole viwili. Kidole gumba kikae kama kinachoshika kikombe. Zungusha kitambaa kwenye kifundo cha mkono, kipitishe kuzunguka kidole gumba, kisha rudi kwenye kifundo. Rudia mara 3 au 4, kama unaandika namba 8. Usikaze sana. Kidole kikifa ganzi, kikiwa baridi au kikibadilika rangi, legeza.

USIVUTE, USIKANDE

Watu wengine hukivuta kidole "ili kirudi mahali pake." Wengine hukikanda kwa mafuta ya moto. Usikubali. Kano iliyochanika kidogo huweza kukatika yote. Mfupa uliovunjika huweza kuhama.

NENDA ZAHANATI

Nenda siku hiyo hiyo kama kidole kimepinda, kimevimba sana, kimekufa ganzi, au kina jeraha. Jeraha lenye udongo huweza kuleta pepopunda. Nenda pia kama huwezi kubana punje ya karanga kati ya kidole gumba na kidole cha shahada.

Huenda mganga akakupeleka hospitali kupigwa picha ya eksirei. Kano iliyochanika kidogo hupona kwa kufungwa na kupumzishwa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Kano iliyokatika yote huenda isijiunge yenyewe. Mara nyingi huhitaji kushonwa na daktari, na ni vema ifanyike kabla ya wiki 3 kupita. Ukingoja mpaka msimu wa kulima, umechelewa.

Usirudi uwanjani mpaka uweze kubana na kushika bila maumivu.

Walimu na viongozi wa timu, wekeni mtungi wa maji na kitambaa safi kando ya uwanja. Nawe msomaji, msomee jirani yako ukurasa huu. Kisha mfungeni mwenzenu kitambaa kwa mazoezi, ili siku ya ajali mikono yenu iwe imezoea.