Boti Kuukuu ya Mbao Itambuliwe Kabla ya Kurejeshwa Majini

Boti ya mbao yenye injini iliyokaa nchi kavu kwa miaka mingi katika fukwe za Ziwa Nyasa, wilayani Kyela mkoani Mbeya, inaweza kurudi kazini kwa usalama iwapo mmiliki atatanguliza utambuzi kabla ya matengenezo.

Kwanza hutazamwa namba ya usajili ubavuni, namba iliyogongwa kwenye injini, aina ya mbao na misumari iliyotumika. Kisha fundi huchoma kwa ncha kali mkuku, mataruma na mbao zinazobeba injini. Ncha ikizama kwa urahisi, mbao imeoza na haina budi kubadilishwa. Rangi mpya huificha tu hatari hiyo.

Mianya hujazwa kalafati kwa kiasi, kwa kuwa mbao kavu hutanuka zikipata maji. Kalafati iliyoshindiliwa kupita kiasi inaweza kuzing'oa kwenye mataruma.

Injini nayo isihukumiwe kwa umri pekee. Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi; iliibuliwa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927.

Matengenezo yakikamilika, boti ikaguliwe na kusajiliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kabla ya kupakia abiria, na kila aliyemo awe na jaketi okozi. Ziwa Nyasa huchafuka ghafla, na kasoro iliyofichwa ufukweni hugharimu maisha.