Hadhira Isiyoondoka na Hadhira Inayohama: Maigizo ya Melini na Mashindano ya Ngoma ya Bagika na Bagalu Mkoani Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua nafasi ya hadhira katika aina mbili za maonyesho: maigizo yanayofanywa ndani ya meli za abiria baharini, na mashindano ya ngoma ya Wasukuma, hususan mkoani Simiyu. Hoja inayojengwa ni kwamba katika mashindano ya Bagika na Bagalu, kuhama kwa watazamaji kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine ni sehemu ya onyesho lenyewe, wala si matokeo yake tu. Onyesho hilo linapohamishiwa mahali ambapo mtazamaji hana pa kwenda, hubaki ngoma iliyochezwa vizuri lakini isiyo na mgogoro.

1.0 Utangulizi

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini makala yanayohusu Bariadi, mji ulio mbali na bahari, yanaanzia melini. Sababu ni ya kimbinu. Mulokozi (1989) anaeleza kuwa utendaji wa fasihi simulizi hutawaliwa na mambo kadhaa yanayotegemeana, yakiwemo fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu huyataja mambo hayo katika sura ya pili ya tasnifu zao, kisha hadhira hawaigusi tena hadi mwisho. Mwandishi wa makala haya alifanya vivyo hivyo katika rasimu yake ya kwanza: alieleza mavazi, ala, nyimbo na miondoko, na hadhira akaipa aya moja. Ili kuiona hadhira kwa macho mapya, ilionekana afadhali kuanza na mahali ambapo hadhira imezungukwa na maji.

2.0 Hadhira isiyo na pa kwenda

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Red Dragon, meli ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, iliyokuwa chini ya nahodha William Keeling. Kumbukumbu zinazohusishwa na nahodha huyo zinasema kuwa mabaharia wake waliigiza Hamlet mwaka 1607 meli ikiwa Sierra Leone, na wakaiigiza tena mwaka 1608 walipokuwa wamekwisha kuingia Bahari ya Hindi. Ukweli wa kumbukumbu hizo umetiliwa shaka na baadhi ya wataalamu wa Shakespeare, na makala haya hayakusudii kuamua shauri hilo. Kinachotuhusu ni sababu inayotolewa ndani yake: mabaharia waliruhusiwa kuigiza ili wasikae bure, wasijiingize katika michezo iliyokatazwa, wala wasilale tu. Iwe kumbukumbu ni ya kweli au ni ya kubuni, aliyeiandika alielewa kazi ya igizo ndani ya meli. Igizo hulinda nidhamu ya watu ambao hawawezi kuondoka.

Kazi hiyo inaonekana wazi zaidi katika sherehe ya kuvuka Ikweta, ambayo kwa karne nyingi imekuwa igizo kamili linalotendwa melini. Baharia mmoja huvaa ndevu za bandia na kujifanya Neptune, mungu wa bahari katika visa vya Warumi. Hufuatana na mkewe, ambaye naye kwa kawaida ni baharia aliyejivika manywele ya kamba, pamoja na kinyozi na askari. Wanaovuka Ikweta kwa mara ya kwanza hushtakiwa mbele yake, hupakwa povu, hunyolewa kwa wembe wa mbao na kutumbukizwa majini. Meli Kenya na Uganda za kampuni ya British India, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952 katika njia ya kutoka London kuja Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, zilivuka mstari huo kati ya Aden na Mombasa. Abiria wa njia hiyo, kwa hiyo, waliifikia Afrika Mashariki baada ya kupita mahali ambapo desturi ya mabaharia ilikuwa imeweka igizo lake. Katika igizo hilo mtazamaji hana uhuru hata wa kubaki mtazamaji, maana mgeni huburutwa na kuwa mhusika.

Meli kubwa za karne ya 20 ziliiendeleza hali hii kwa anasa. Normandie ya Ufaransa, iliyoanza safari zake za kwenda New York mwaka 1935, ilijengwa ikiwa na ukumbi wa tamthilia wenye jukwaa lake. Oasis of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2009, iliwaonyesha abiria wake Hairspray, tamthilia ya muziki iliyokwisha kupata umaarufu Broadway. Hapa inafaa kukubali pingamizi moja. Katika meli za namna hii abiria anaweza kuinuka na kutoka ukumbini, akaenda kula, kuogelea au kulala, kwa hiyo si mfungwa wa jukwaa. Hata hivyo, kutoka kwake hakumwathiri mwigizaji. Nauli imekwisha kulipwa, mkataba wa mwigizaji umekwisha kutiwa saini, na kesho meli itakuwa na abiria walewale. Bauman (1977) anauona utendaji kama hali ya fanani kukubali kuwajibika mbele ya hadhira ili ustadi wake upimwe. Melini upimaji upo, ila hauna makali.

Kabla ya kuliacha suala la bahari, ni vyema kutaja njia moja ambayo kwayo meli yenyewe iligeuzwa kuwa igizo nchi kavu. Ngoma ya beni, iliyochunguzwa kwa kina na Ranger (1975), ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika na kuingia bara. Vyama vyake viwili vikuu viliitwa Marini na Arinoti, na jina la kwanza linahusishwa na askari wa majini. Wachezaji walivaa sare, walipeana vyeo na kuiga gwaride. Beni ina umuhimu hapa kwa sababu ilikuwa ngoma ya pande mbili: Marini hawakuwa na maana bila Arinoti. Lakini Usukumani ngoma ya pande mbili haikusubiri sare za Wazungu.

3.0 Uwanja wa Bagika na Bagalu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wengi wa wakazi wake ni Wasukuma, na zao kuu la biashara ni pamba. Msimu wa mbina, yaani ngoma za mashindano, huja baada ya mavuno, takriban kuanzia Juni hadi Agosti, wakati jembe limewekwa chini na fedha ya pamba imeanza kuingia mifukoni.

Masimulizi ya Wasukuma yanawataja Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wa karne ya 19, kuwa ndio waasisi wa vyama viwili vinavyoshindana hadi leo. Wafuasi wa Ngika ni Bagika na wafuasi wa Gumha ni Bagalu. Chini ya vyama hivyo kuna ngoma nyingi. Ipo bugobogobo, iliyotokana na vikundi vya kulima kwa pamoja, ambamo majembe hurushwa na kudakwa kwa mdundo wa ngoma. Zipo pia ngoma za wacheza nyoka na za wawindaji wa nungunungu. Kila moja inastahili sura yake. Makala haya yanashughulikia kanuni ya shindano peke yake.

Kanuni hiyo ni rahisi kuielezea, na pengine ndiyo sababu imedharauliwa na watafiti. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja viwili vinavyokaribiana. Watazamaji wako huru kwenda popote. Anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kwa kanuni hii hakuna haja ya jopo la majaji wala karatasi ya alama. Umati wenyewe ndio hukumu, na hukumu hiyo huandikwa kwa miguu.

Athari za kanuni hii katika fani ni kubwa. Kwanza, inamlazimu fanani kutunza siri. Manju (kwa Kisukuma ningi) mwenye uzoefu hatoi kila alicho nacho mapema. Anasubiri. Upande wa pili ukitoa fisi, yeye atatoa chatu. Ukitoa sanamu ya mti yenye mikono inayotikisika kwa kuvutwa kamba, yeye atawaleta wachezaji wa miti mirefu. Mambo haya yameelezwa mara nyingi kama vituko vya kupamba ngoma. Maelezo hayo yanapotosha. Kila kituko ni jibu kwa kituko kilichotangulia katika uwanja wa pili, na maana yake haiwezi kupatikana kwa kutazama uwanja mmoja. Tuna hapa mhusika, mpinzani, mgogoro unaopanda na mgeuko wa hali, yaani mambo yaleyale ambayo mwalimu wa tamthilia huyatafuta katika mswada. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeandika mswada huo, na nusu yake inatendwa mahali ambapo nusu ya pili haiwezi kuona.

Mwandishi alikulia Bariadi, na jambo analolikumbuka zaidi utotoni ni vumbi. Mchezaji aliye katikati ya duara haoni kinachoendelea upande wa pili. Anaona migongo ya watu wake tu. Lakini umati ukianza kukimbia, vumbi hupanda, na anayeimba hulitambua kabla hajaambiwa na mtu. Sauti hubadilika. Wimbo hukatwa na mwingine kuanzishwa, pengine wenye maneno ya kuwakejeli wale wanaokimbia. Ndiyo kusema watazamaji wanaoondoka wamekwisha kuingia katika maneno ya wimbo.

Pili, kanuni hii inaeleza suala la dawa. Ushindani wa Bagika na Bagalu tangu masimulizi ya waasisi umefungamana na uganga, na maandishi mengi husimama hapo kwa mshangao. Makala haya hayathibitishi wala hayakanushi nguvu ya dawa. Yanauliza swali dogo zaidi: dawa hiyo inaelekezwa wapi? Jibu ni kwamba dawa ya ngoma inayosifiwa kuliko zote ni ile ya kuvuta watu. Wapo wanaotafuta dawa ya kujikinga na ya kupata ujasiri, lakini shabaha kuu ni miguu ya mtazamaji. Hata imani, basi, imejipanga kwa kufuata kanuni ya onyesho.

4.0 Onyesho linapopewa viti

Mwaka 1982 na 1983 watafiti wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya mradi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, si mbali na mpaka wa Maswa. Mradi huo umeelezwa na Mlama (1991). Walikaa na wanakijiji, wakachambua nao matatizo ya vijana, ikiwemo mimba za wasichana wa shule, na kutumia ngoma na maigizo ya wenyeji kuyajadili hadharani. Ni mradi wa kuheshimiwa, na watafiti wa kanda hii bado tunautegemea. Hata hivyo, kwa mtazamo wa makala haya, ulitumia ngoma kama chombo cha mjadala ambamo hadhira hutarajiwa kubaki hadi mwisho na kuzungumza. Katika shindano, hadhira huzungumza kwa kutobaki. Aina hizi mbili za ushiriki hazilingani, na haifai kuziita zote kwa jina moja la hadhira shirikishi.

Mfano wa pili ni tamasha la Bulabo huko Bujora, Kisesa, wilayani Magu, ambako Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma katikati ya karne ya 20. Tamasha hilo huambatana na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni. Kanisa lingeweza kuipiga marufuku ngoma hiyo. Badala yake, liliipa tarehe. Na Bagika na Bagalu waliendelea kushindana, jambo linaloonyesha kuwa kuhamishiwa mahali papya si lazima kuue fani, mradi pande mbili zibaki pande mbili.

Hali ni tofauti katika hafla. Katika hafla moja ambayo mwandishi alihudhuria, kikundi cha ngoma kilipewa dakika chache mbele ya wageni waliokaa vitini chini ya turubai. Wachezaji walikuwa hodari. Chatu alitolewa mara moja, mwanzoni kabisa, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kumficha. Wageni walipiga makofi, mshereheshaji akashukuru, kikundi kikapisha. Hakuna aliyehama, kwa sababu hapakuwa na uwanja wa pili wala ruhusa ya kuinuka. Baadaye mmoja wa wachezaji alisema kwa utani kwamba siku hiyo walikuwa wamecheza wakiwa wamepanda boti. Kauli hiyo ndiyo iliyompeleka mwandishi kwenye maigizo ya melini.

Si nia ya makala haya kuwalaumu wanaocheza katika hafla. Posho ya hafla ni halali, na kikundi kinachokosa mialiko kinaweza kufa. Tatizo liko kwa sisi watafiti, kwa kuwa maonyesho ya hafla ndiyo rahisi kurekodi: yana ratiba, umeme na kiti cha mtafiti. Data ya namna hiyo ikitumiwa kueleza muundo wa mbina, itaonyesha ngoma ambayo imekwisha kuondolewa mgogoro wake, na mtafiti atahitimisha kuwa Wasukuma wana ngoma lakini hawana tamthilia.

5.0 Mahali pa kuweka kamera

Katika utafiti wa uwandani uliozaa makala haya, kamera iliwekwa kwanza ndani ya duara, mbele ya wachezaji, kama ilivyo kawaida. Picha zilikuwa nzuri na hazikueleza kitu kuhusu ushindi. Baadaye iliwekwa juu ya gari lililoegeshwa kando, ikielekezwa kwenye nafasi iliyo wazi kati ya viwanja viwili, na kinasa sauti kimoja kikaachwa kila upande ili nyimbo ziweze kulinganishwa na mwendo wa umati. Katika picha hizo wachezaji wanaonekana kwa mbali, na wakati mwingine hawaonekani kabisa. Wanaoonekana ni watu wanaovuka: watoto kwanza, kisha vijana, kisha akina mama waliobeba watoto mgongoni. Wazee huvuka mwisho, nao hawakimbii.