Rangi, Kabila na Takwimu za Saratani

Wafasiri wa maandishi ya afya hukutana mara kwa mara na sentensi zinazolinganisha saratani baina ya makundi ya watu. Neno "saratani" lenyewe halina taabu. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kaa, kama ilivyo maana ya neno la Kilatini lililotupatia "kansa"; yote mawili yanafaa. Taabu imo katika maneno yanayoandamana nalo.

Wengi huandika "maambukizi ya saratani" wanapotaja wagonjwa wapya. Fasiri hiyo haifai hata kidogo. Mkulima wa pamba wa Malampaka, wilayani Maswa, akisoma kwamba maambukizi ya saratani ya matiti yameongezeka, huenda akamtengea mkewe sahani yake peke yake. (Kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi huambukizwa, ni kweli, lakini kinachoambukizwa ni kirusi, si saratani.) Yafaa kusema "kiwango cha wagonjwa wapya", yaani idadi ya waliogunduliwa katika mwaka mmoja kwa kila watu 100,000. "Kiwango cha vifo" ni hesabu nyingine kabisa. Nchini Marekani wanawake Weusi hupata saratani ya matiti kwa kiwango cha chini kidogo kuliko wanawake Weupe, ilhali kiwango chao cha vifo ni kikubwa zaidi kwa asilimia 40 hivi. Aina za uvimbe hutofautiana, lakini kuchelewa kugunduliwa na kukosa matibabu sawa ni miongoni mwa sababu. Mfasiri anayeandika "kiwango cha saratani" mahali pote pawili ameificha habari yenyewe.

Neno "kabila" lina hatari zaidi. Tukiandika kwamba saratani ya kibofu huwapata mno Wasukuma, msomaji wa Malampaka ataelewa kuwa imo katika damu yake. Kumbe Usukumani kuna kichocho cha mkojo, ambacho konokono wake huishi katika malambo na majaruba ya mpunga, na mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa mnyoo wake husababisha saratani hiyo. Mgeni wa kabila lolote akiingia katika maji hayo yumo hatarini. Msukuma aliyekulia mbali nayo hayumo. Basi tuandike "wakazi wa".

Daktari Denis Burkitt wa Kampala, aliyeeleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, alisafiri kwa gari mwaka 1961 hadi Afrika ya Kusini akiuliza hospitali moja moja. Ramani aliyopata ilifuata joto, mvua na mwinuko wa nchi, wala haikufuata mipaka ya makabila. Malaria ilikuwa mojawapo ya sababu.

"Rangi" litumike kwa makundi ambayo serikali kama ile ya Marekani huyahesabu hivyo. Wengine hupendelea "mbari", lakini kwa wasomaji wengi hilo ni ukoo. Hata hivyo, tusilichanganye na "rangi ya ngozi". Mtu mwenye ualbino wa Maswa ni Msukuma sawa na nduguye, bali ngozi yake haina kinga dhidi ya jua, na saratani ya ngozi humwandama yeye. Hapo "rangi ya ngozi" ndiyo istilahi sahihi, na "kabila" halina kazi.